Kompyuta Niliyosema ni ya Kuchapa

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, katibu muhtasi katika kiwanda cha minofu ya samaki pale Igogo, Mwanza, na nilikuwa sijawahi kuendesha chombo chochote, hata baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kuchapa. Nilichapa orodha za shehena, barua za kwenda uwanja wa ndege, na barua za kuwaonya waliosinzia zamuni. Kiwanda kilikuwa na kompyuta mbili. Yangu ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani. Ya pili, yenye kioo cha rangi, ilikuwa ya mhasibu, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi.

Jumamosi moja mchana nilimpelekea barua aweke sahihi. Nikamkuta hana daftari wala kikokotoo mbele yake. Kwenye kioo kulikuwa na barabara inapita milimani, na gari la bluu linakimbia juu yake, na vidole vyake vilikuwa vinabonyeza vile vitufe vya mishale ambavyo mimi nilivitumia kusogea kutoka mstari mmoja wa barua hadi mwingine. Hakushtuka. Alisogea pembeni, akanionyesha kiti.

"Keti ujaribu," alisema.

Nilibonyeza mshale mmoja, gari likaingia mtaroni. Nikabonyeza mwingine, likatoka. Kwa dakika kama kumi sikusikia mashine za barafu, sikusikia harufu ya samaki, sikukumbuka barua. Barua nikaisahau mezani kwake bila sahihi, ikabidi nirudi.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilitafuta sababu ya kupita kwake. Baada ya miezi michache akaniambia mkataba wake unaisha, anarudi Nairobi. Nikamuuliza, kana kwamba nauliza tu, mtu akitaka mashine kama ile anaipata wapi.

"Iliyokamilika ni ghali," alisema. "Nunua vipande, kimoja kimoja, halafu uunganishe."

"Vipande gani?"

Akachukua karatasi ya printa, ile yenye matundu pembeni, akaandika orodha ya vitu kumi na kimoja. Nilivifahamu vitatu: kioo, kibodi na maus. Vingine nilivisoma kama mtu anavyosoma cheti cha daktari. Mazabodi. Prosesa. Memori. Hadi diski. Nilimuuliza memori na hadi diski vinatofautiana nini, maana vyote alisema ni vya kutunza kumbukumbu.

"Hadi diski hukumbuka siku zote. Memori hukumbuka umeme ukiwepo tu. Ukikatika, inasahau kila kitu."

Nilifikiria mgao wa umeme wetu, nikashindwa kuelewa kwa nini mtu anunue kumbukumbu ya namna hiyo. Sikumwambia. Mwishoni mwa orodha aliandika kadi ya picha, akaipigia mistari miwili chini.

"Vingine vyote unaweza kupunguza ukubwa, ukachukua vya bei ya chini," alisema. "Hii usiiache."

Nilitikisa kichwa kama mgeni anayeitikia salamu za lugha asiyoijua. Siku ya kuaga aliniachia sidii ya ule mchezo wa magari, ameifunga kwenye gazeti.

Pale kiwandani wanawake kumi na wawili tulikuwa tunacheza mchezo, ule wa kuchangiana kila mwisho wa mwezi na fungu lote kumpa mmoja. Zamu yangu ilifika mwezi uliofuata. Tulikaa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu bado wamevaa mabuti ya mpira, na kama ilivyokuwa desturi wakaniuliza nitafanyia nini. Aliyepita alikuwa ameezeka nyumba. Aliyemtangulia alikuwa amemlipia mdogo wake chuo cha uuguzi.

"Nitanunua kompyuta," nilisema.

"Ya nini?"

Nilifungua mdomo niseme kweli. Lakini nilitazama nyuso zile zilizochoka, vidole vilivyokatwakatwa na visu vya minofu, nikaona siwezi kusema kwamba mwanamke mzima, asiye na mume wala mtoto, anataka kupeleka jasho la wenzake kwenye mbio za magari yasiyokuwepo.

"Ya kuchapa," nikasema. "Barua za watu. Mitihani. Kadi za harusi."

Wakapiga vigelegele. Mmoja alinikumbatia na harufu yake ya sangara. Nilirudi nyumbani na zile hela kifuani, nikiwa na furaha na haya kwa pamoja, nisijue kipi kimezidi.

Nilikuwa nakaa Mkolani kwa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tangu mama yetu afariki ndiye aliyekuwa mama. Habari ilishamfikia kabla yangu.

"Mitihani!" alisema, ameshika mwiko wa ugali. "Mdogo wangu, unajua stensili za kurudufia zinavyotutesa pale shuleni? Mwalimu mkuu atakuletea kazi ya shule nzima. Kesho namwambia."

"Usimwambie bado, dada."

"Kwa nini?"

Nikaenda kuchota maji. Kesho yake akamwambia.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini. Maduka ya Mirongo, ambayo nilipokuwa shule tulipanga foleni kutwa kwa ajili ya sabuni, sasa yalikuwa yamejaa hadi barazani. Nilianza na duka moja la kijana aliyekuwa akienda Dubai mara mbili kwa mwaka. Aliuza televisheni, pasi, viatu vya plastiki na manukato, na nyuma kabisa, ndani ya kabati la kioo, vipande vya kompyuta vimelala kama meno ya bandia.

"Dada, unataka megahazi ngapi?" aliniuliza.

"Ngapi zinatosha?"

"Inategemea unafanyia nini."

Nilisita. "Kuchapa."

"Aa! Kuchapa tu? Mia na thelathini na tatu zinatosha, utachapa mpaka uzeeke."

Duka la pili waliniambia chini ya mia mbili ni kutupa pesa ziwani. Duka la tatu, mzee mmoja mpole aliniambia megahazi si hoja, hoja ni memori, na alipoona nimefurahi kusikia neno ninalolijua akaniuliza nataka memori fupi au ndefu. La nne walisema vyote hivyo ni bure, nianze na stabilaiza, maana umeme wa Mwanza utaunguza chochote nitakachonunua. Kila jibu lilikuwa la kweli nilipokuwa nalisikia. Nikitoka nje na kukutana na jibu jingine, la kwanza linakuwa uongo. Nilifika kituo cha basi na karatasi ya mhasibu imejaa namba nilizoongeza mwenyewe, nisijue zipi ni bei na zipi ni nguvu za mashine.

Dada yangu alinionea huruma. "Nenda kwa yule mzee aliyetengeneza redio yangu," alisema. "Yule hashindwi na kitu."

Mzee huyo alikuwa na kibanda karibu na mto Mirongo. Mama yake alikuwa Mnyamwezi, baba yake mwenye asili ya Uarabuni, na yeye mwenyewe alikuwa ametumikia mitambo ya simu miaka ishirini na miwili, mpaka walipoanza kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Alivaa kofia ya kufuma na miwani ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Kwenye ukuta wa kibanda redio zilikuwa zimening'inia kwa ndoana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imeacha kulia, au inalia hovyo?"

"Sikuleta redio, Mzee. Nataka kuunda kompyuta."

Aliweka chini bisibisi. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Kompyuta," alisema, "ni simu tu iliyosoma zaidi. Umeme unaingia hapa, unatokea pale. Twende."

Nilihisi mzigo umenishuka mabegani. Hatimaye mtu mmoja anajua.

Tulirudi kwa yule kijana wa Dubai. Alimsalimia Mzee kwa heshima, akatandaza vipande juu ya meza. Mzee alichukua kila kimoja, akakigeuza, akakiweka kwenye mwanga, akanusa. "Hii ni nzuri," alikuwa akisema. Au, "Hii hapana." Sikujua anapimaje, na nilidhani ujinga ni wangu. Tukachukua kasha lenye kisomeo cha disketi. Tukachukua mazabodi, ule ubao ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake, na prosesa yake. Kwenye memori, kijana akatupatia vipande viwili vifupi na kimoja kirefu, akisema mazabodi ile inapokea aina zote mbili. Tukachukua hadi diski, kisomeo cha sidii, kadi ya sauti, kioo, kibodi na maus. Karatasi ilibaki na mstari mmoja wa mwisho.

"Na kadi ya picha," nilisema, kwa sauti ndogo.

Kijana alicheka. "Dada, ya nini? Mazabodi hii ina picha ndani yake tayari. Si umesema unachapa? Herufi hazihitaji kadi. Unachohitaji wewe ni printa. Utachapa halafu watu wasome wapi, kwenye kioo?"

Mzee alinigeukia. Kijana alinitazama. Ulikuwa wakati wa kusema, na maneno yalikuwa tayari mdomoni: nataka magari. Lakini nilimwona dada yangu na mwiko wake, nikawaona wale wanawake na mabuti yao.

"Ni kweli," nilisema. "Printa."

Kwa hiyo hela iliyobaki ya kadi ya picha ilinunua printa, kubwa, nzito, ambayo sikuwa na haja nayo hata kidogo. Nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiitazama ikitikisika juu ya mzigo, nikashindwa kujua ni mimi niliyeinunua au ni yule mwanamke mwingine niliyewaambia watu kwamba ndiye mimi.

Tulianza kuunganisha pale kibandani siku ya Jumatatu, nilipochukua likizo yangu ya wiki. Siku ya kwanza tulifunga kila kitu ndani ya kasha, tukawasha, haikutokea chochote. Siku ya pili Mzee aligeuza nyaya, tukawasha, ikalia mara tatu, kimya. Ilikuwa sauti kali, ya kukemea. Tulizima. Tukawasha tena, ikalia mara tatu tena.

"Inasema nini, Mzee?"

"Bado inajipima," alisema, akainuka. "Ngoja nijisaidie mara moja, narudi."

Siku ya tatu hali ilikuwa ileile. Ikilia mara tatu, Mzee anainuka, anakwenda nyuma ya kibanda, anakaa muda, anarudi, anachomoa kitu, anachomeka pengine. Nilianza kuhofu afya yake. Alipokwenda mara ya nne asubuhi ile nikamfuata, nimechukua chupa ya maji, nikidhani tumbo linamsumbua.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magotini ana kamusi iliyochanika jalada. Mkononi ana kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na mazabodi, na kidole chake kiko chini ya neno moja, midomo inasogea. Aliponiona hakukificha. Alikigeuzia kwangu.

"Neno hili ni nini?"

Nikasoma. "Jampa."

"Ndiyo. Jampa ni nini?"

"Shuleni tulifundishwa ni sweta."

"Na kamusi inasema sweta," alisema kwa masikitiko. "Au mtu arukaye. Kijitabu kinasema niweke sweta juu ya pini ya pili na ya tatu. Tangu juzi natafuta sweta, mwanangu."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Maji ya mto yalikuwa yanapita polepole na takataka zake. Mzee alifunga kamusi.

"Mashine hii," alisema, "sijawahi kuiona ndani. Nimefungua simu, redio, pasi, hata mizani ya kupimia pamba. Hii, ni mara ya kwanza. Waliponipunguza kazi niliapa kwamba chochote chenye waya kikiletwa sitakikataa. Nikikataa kimoja watasema mzee amekwisha. Nilidhani nitaielewa njiani."

Nilitaka kukasirika, na hasira haikuja. Nilichosikia kikitoka mdomoni mwangu kilikuwa kitu kingine.

"Na mimi, Mzee, sitaki kuchapa."

"Unataka nini?"

"Mbio za magari."

"Magari yako wapi?"

"Ndani yake."

Aligeuka akatazama, kupitia upenyo wa mbao, lile kasha lililokuwa juu ya meza kibandani.

"Na printa?"

"Nilishindwa namna ya kuikataa."

Nilidhani atacheka, au atanisema kama mzazi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyoosha mkono. "Nipe ile karatasi ya kijana wa Nairobi." Nikampa. Akaisoma kutoka juu hadi chini, akasimama pale mwisho. "Mtu hapigi mistari miwili bure," alisema. "Na sisi tumeruka. Inuka twende."

Dukani, kijana wa Dubai alipotuona alianza kueleza jinsi mali ikishatoka hairudi. Mzee alimwachia amalize. Kisha akasema maneno ambayo nadhani yalimgharimu sana, maana alivua kofia kabla ya kuyasema.

"Mwanangu, mimi sijui. Tufundishe, kama unavyomfundisha mtoto. Binti huyu anataka kucheza mbio za magari. Tumekosea wapi?"

Kijana alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Akaenda kufunga mlango wa duka nusu, akarudi, akainama karibu nasi.

"Mzee wangu, nikwambie kweli? Hata mimi hizi za michezo sizijui vizuri. Kule Dubai waliniambia ni kitu kizuri, nikabeba kadi mbili. Ziko hapa tangu mwaka jana. Nimezipangusa vumbi mpaka nimechoka."

Basi tukawa watatu. Alitoa zile kadi mbili na vijitabu vyake, tukavuta viti vya plastiki, mimi nikawa nasoma Kiingereza kwa sauti, Mzee anauliza, kijana anajaribu kukumbuka aliyoambiwa na waliomuuzia. Kulikuwa na maneno ambayo wote watatu tulikodoleana macho tu. Lakini yapo tuliyoyapata. Kadi moja ilikuwa na mguu wa kuingia kwenye tundu la kahawia, nyingine kwenye tundu jeupe. Mzee akakumbuka, bila kuangalia, kwamba mazabodi yetu ina matundu meupe matatu na la kahawia halipo. Tukajua ipi yetu. Tukasoma pia kwamba memori fupi na ndefu mazabodi huzipokea, ila si kwa wakati mmoja.

"Ndiyo maana inalia," alisema Mzee. Uso wake ulikuwa umeng'aa. "Ilikuwa inakataa. Sisi tunailisha ugali na wali kwa pamoja."

Na jampa? Kijana alileta mazabodi nyingine, akatuonyesha kofia nyeusi ya plastiki, ndogo kama punje ya mchele, iliyovalishwa juu ya pini mbili. Mzee aliibandua kwa kucha, akaiweka kiganjani.

"Hii ndiyo sweta," alisema.

Kijana alikubali kurudishiwa printa na zile memori fupi mbili, akatupatia kadi ya picha na memori ndefu moja zaidi, na hakuna aliyeongeza kitu. Mpaka leo sijui nani alipata na nani alipunjwa. Nilimuuliza Mzee njiani, naye akasema hilo tumwachie Mungu, twende tukaone kama itawaka.

Iliwaka. Ilitoa mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu anayeitika jina lake, na kioo kikaandika maandishi meupe. Mzee alisema "Alhamdulillah" polepole, akakaa chini. Siku mbili zilizofuata tulizitumia kuweka programu, tukibofya ndiyo kila tulipoulizwa swali ambalo hatukulielewa, na yalikuwa mengi.

Jumapili mchana tukaipeleka Mkolani kwa teksi. Dada yangu alikuwa amekwenda kanisani na hajarudi. Tuliipanga sebuleni, kwenye meza ya chakula, tukaweka sidii. Palitokea mlima. Ikatokea barabara. Miti ilikuwa inachelewa, unafika mahali patupu na mti unachomoza ghafla kando yako, na gari lilikuwa linakwenda kwa kurukaruka kama chura. Haikuwa kama ya mhasibu. Lakini lilikuwa gari la bluu, na lilikuwa langu. Nilikimbia mzunguko mmoja nikawa wa mwisho, nikampisha Mzee.

Mzee hakukimbia. Aliweka vidole vyake viwili juu ya mishale kama anayegusa nyaya zenye umeme, akaliendesha gari polepole, pembeni mwa barabara. Magari mengine yalimpita yakinguruma. Kioo kikaandika kwamba anakwenda taratibu mno. Hakujali. Alipofika kwenye nyumba zilizochorwa kando ya njia alisimama kabisa.

"Humu anakaa nani?" aliuliza.

"Sijui, Mzee. Nadhani hakuna mtu."

"Wamejenga nyumba zote hizi, na hakuna mtu?"

Ndipo mlango ukafunguliwa. Dada yangu aliingia akiwa na mwalimu mkuu wake, mama mrefu mwenye mkoba mkubwa, na kwenye mkoba ule niliona karatasi zilizoandikwa kwa mkono zikichungulia. Tuliwasalimia. Dada yangu alitazama meza, akatazama chini ya meza.

"Printa iko wapi?"

Nilisimama. "Tumeirudisha dukani."

"Mbovu?"

"Nzima. Sikuitaka, dada. Sikutaka kuchapa tangu mwanzo. Nilitaka hii." Nikaonyesha kioo, ambako gari la bluu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba isiyo na mtu.

Mara kwa mara nimejaribu kukumbuka uso wake wakati ule, kama ulikuwa wa hasira au wa kutoelewa tu, na kila mara naukumbuka tofauti.

"Wale wenzako wanajua?" aliuliza.

"Hapana."

"Umepigiwa vigelegele kwa uongo."

"Ndiyo."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwalimu mkuu alibaki amesimama na mkoba wake. Sikujua nimkaribishe au nimwombe radhi, nikafanya vyote viwili kwa pamoja, sentensi ikachanganyika. Yeye alikuwa anatazama kioo.

"Huyu mzee amesimama katikati ya njia?" aliuliza.

"Pembeni," Mzee alimjibu, bila kugeuka. "Nimeegesha."

Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mitihani nitaichapa. Mashine inaweza. Nitachapa hapa, nitaweka kwenye disketi, nitaomba ruhusa niitoe kwenye printa ya kiwandani wakati wa chakula cha mchana. Alifikiri kidogo, akafungua mkoba, akaniachia karatasi zote. Jumatatu, nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, niliwaambia wenzangu. Wawili walisonya. Mmoja, yule aliyenikumbatia, aliniuliza kama magari hayo yanatumia petroli, na nilipomwambia hapana akasema basi afadhali, walau ni ya bei nafuu kuyalisha. Hawakunitoa kwenye mchezo.

Mzee aliandika kwa rangi kwenye ubao wa kibanda chake kwamba anatengeneza na kompyuta pia. Jumamosi nikawa naenda kumsomea vijitabu. Tulikosea mara nyingi, na tulipokosea alimwambia mteja kwamba tumekosea.

Dada yangu hakunisemesha siku saba. Aliniachia chakula kimefunikwa, aliniamsha kwa kugonga mlango, lakini neno hakutoa. Nilichapa mitihani yake jioni baada ya jioni, Jiografia ya darasa la nne, Hesabu ya darasa la sita, nikiogopa hata kuigusa ile sidii. Siku ya nane alikuja akaweka karatasi moja mbele yangu.

"Swali la tisa umelirudia mara mbili," alisema.

Nikaangalia. Ni kweli. Nikaliondoa, nikasogeza yaliyofuata juu. Alibaki amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia pumzi yake, na sikuthubutu kugeuka.

"Na hilo gari," alisema, "breki yake ni ipi?"